Mtunzi, Mwimbaji na Orodha za Mauzo: Safari ya Wimbo Mmoja wa Kantri

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuulizwa swali ambalo juu juu huonekana jepesi: wimbo ni kitu gani? Je, ni yale maneno yanayoweza kuandikwa karatasini na kuhesabiwa beti zake, au ni ule uimbaji wenyewe, wa siku fulani na mbele ya watu fulani, ambao ukiisha umekwisha? Aghalabu mifano inayotolewa kulijibu swali hili ni ya nyimbo za jando, za mavuno na za harusi, ambazo mtunzi wake wa kwanza hajulikani wala hatafutwi. Mifano hiyo ina faida kubwa, lakini ina upungufu mmoja. Kwa kuwa mwenye wimbo hajulikani, hakuna apataye wala apotezaye wimbo unapogeuka kinywani mwa mwimbaji mwingine. Makala haya yanachukua mfano wa upande wa pili kabisa: wimbo ambao mtunzi wake anajulikana, sababu ya kutungwa kwake inajulikana, rekodi zake kubwa zina tarehe, na mafanikio yake yamehesabiwa wiki kwa wiki. Wimbo huo ni I Will Always Love You, uliotungwa na Dolly Parton wa Marekani mwaka 1973.

Wimbo huu si mgeni kwa masikio ya Afrika Mashariki. Kenya hasa ina mapenzi ya siku nyingi na muziki wa kantri, yaani muziki uliokulia katika mashamba na miji midogo ya kusini mwa Marekani, na sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers na Parton mwenyewe zimesikika redioni na mabaani kwa miongo mingi. Mapenzi hayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis nyimbo zilizoitwa Chemirocha, na jina hilo halikuwa ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, lililofinyangwa na ulimi wa Kikipsigis mpaka likapata sura ya jina la nyumbani. Mwanafonolojia atakayelichukua jina hilo peke yake atapata kazi ya kutosha, lakini hilo ni shamba la mtu mwingine.

Kutungwa kwa wimbo

Parton alizaliwa mwaka 1946 katika wilaya ya Sevier, jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto 12 wa nyumba maskini. Mwaka 1967 aliingia katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mwimbaji mashuhuri wa Nashville aliyekwisha kujijengea jina. Waliimba pamoja kwa miaka saba. Kufikia mwaka 1973 Parton alikuwa ameazimia kwenda kwa miguu yake mwenyewe, na Wagoner, aliyemtoa gizani na kumweka mbele ya watu, hakutaka kulisikia jambo hilo. Kwa maelezo ya Parton, ambayo ameyarudia mara nyingi, mabishano yalipokuwa hayana mwisho alirudi nyumbani akatunga wimbo, na siku ya pili akauimba mbele ya Wagoner ofisini mwake. Wagoner akalia. Akamwambia kwamba huo ndio wimbo bora kuliko zote alizotunga, na kwamba angemwacha aende iwapo yeye ndiye angesimamia kurekodiwa kwake.

Kisa hiki kimesimuliwa mno hata kikakaribia kuwa ngano, na pengine kusimuliwa kwingi kumekilainisha. Kuachana kwao hakukuwa na utamu wote huo: mwaka 1979 Wagoner alimshtaki Parton kwa madai ya dola milioni 3, na shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Hata hivyo kisa kinamfaa mchambuzi wa lugha kwa sababu kinaonyesha wimbo ulikuwa ukifanya nini ulipotoka mara ya kwanza. J. L. Austin alikwisha kutufundisha kwamba yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Kuaga ni tendo la namna hiyo. Asemaye ‘naaga’ hapashi habari juu ya kuaga, ameaga. Wimbo wa Parton ulikuwa tendo la kuaga lililoelekezwa kwa msikilizaji mmoja, chumbani, kwa sababu usemi wa kawaida ulikuwa umeshindwa. Mapenzi yatajwayo katika jina lake yanaandamana na uamuzi wa kuondoka, na pasipo uamuzi huo wimbo hauna mhimili.

Lakini jambo la kushangaza ni jinsi kisa hicho chote kilivyobaki nje ya matini. Katika beti zake hamna jina la mtu, hamna mji, hamna kazi, hamna televisheni, wala hamna neno lolote linalodhihirisha kama anayeaga ni mwanamke na anayeagwa ni mwanamume. Nafsi ya kwanza inazungumza na nafsi ya pili, basi. Msamiati ni ule ambao mwanafunzi wa Kiingereza wa miaka michache anaujua. Beti ni tatu, fupi, na kila ubeti unafuatwa na kibwagizo ambacho hakina ila jina la wimbo likirudiwa. Mtunzi hodari wa mashairi ya Kiswahili angeweza kukiona kibwagizo cha namna hiyo kuwa umaskini wa maneno. Ukweli ni kwamba ufukara huo wa matini ndio uliouwezesha wimbo kuhama. Kila chombo kilichowekwa ndani yake kingekuwa mzigo kwa mwimbaji wa pili.

Ubeti wa tatu unastahili kuangaliwa peke yake. Katika rekodi ya kwanza, iliyofanywa Nashville mwezi wa Juni 1973, Parton hauimbi ubeti huo bali anausema, kwa sauti ya mazungumzo, huku vyombo vikiendelea chini yake. Kisha anarudi kuimba kibwagizo. Kusema ndani ya wimbo ni desturi ya zamani katika muziki wa kantri, na Wagoner mwenyewe alisifika kwa ufundi huo. Maudhui ya ubeti huo ni dua: anayeondoka anamtakia heri anayebaki. Ikiwa beti mbili za kwanza ni maelezo ya kwa nini mtu anaondoka, ubeti wa tatu ndio baraka yenyewe. Kuutoa ni kumfanya mtu aage bila kumtakia mwenziwe heri.

Rekodi hiyo, isiyotimia dakika 3, ilitolewa mwaka 1974, ikiwa pia katika albamu iitwayo Jolene. Mwezi wa Juni mwaka huo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri ya gazeti la Billboard, ikakaa hapo wiki moja.

Nusu ya wimbo

Muda si mrefu Elvis Presley akataka kuuimba. Kwa mtunzi yeyote wa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya kumkesheza mtu kwa furaha, na Parton ameeleza kwamba alikwisha kuwaambia watu. Ndipo meneja wa Presley, aliyejulikana kwa jina la Kanali Tom Parker, alipompigia simu kumweleza kwamba Presley harekodi wimbo wa mtu asipopewa nusu ya haki za uchapishaji wake. Parton akakataa. Anasema alilia usiku kucha.

Ili uzito wa kukataa huko ueleweke inafaa kupambanua vitu viwili ambavyo lugha ya kila siku huvichanganya. Tunasema ‘wimbo wa fulani’ tukimaanisha mara mtunzi, mara mwimbaji, na kiunganishi cha umilikaji katika Kiswahili hakitusaidii kutenga hayo mawili. Sheria huyatenga. Utunzi, yaani maneno na lahani, ni mali moja. Rekodi, yaani sauti iliyonaswa, ni mali nyingine. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, wimbo ukisha kurekodiwa kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote aliruhusiwa kuurekodi kwa kulipa ada iliyowekwa, na ada hiyo ilikuwa senti 2 kwa kila nakala hadi mwisho wa mwaka 1977. Kwa hiyo Presley hakuwa na haja ya kuombewa ruhusa. Alichodai Parker hakikuwa nafasi ya kuuimba wimbo bali kipande cha umilikaji wake. Parton aliuweka utunzi wake katika kampuni yake mwenyewe, Velvet Apple Music, na pale ukabaki mzima.

Msomaji anayetaka mfano wa karibu wa kile kilichoweza kutokea na auangalie Malaika. Fadhili William aliurekodi nchini Kenya katika miaka ya 1960, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauingiza katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M. wakaurekodi tena mwaka 1981. Dunia nzima ikaujua wimbo. Lakini swali la nani aliyeutunga lilizua madai ya watu zaidi ya mmoja, Kenya na Tanzania, na ubishi huo ukamfuata Fadhili William hadi alipofariki mwaka 2001, wala haukuzikwa naye. Tofauti kati ya nyimbo hizi mbili haimo katika uzuri. Imo katika karatasi iliyotiwa saini au isiyotiwa.

Ubeti uliopotea

Mwaka 1975 Linda Ronstadt aliurekodi wimbo huu katika albamu yake Prisoner in Disguise. Ronstadt alikuwa mwimbaji wa kutoka Arizona aliyefanyia kazi California, na hakuwa mtu wa Nashville. Rekodi yake ilikuwa mlango ambao wimbo ulipitia kutoka katika ua wa kantri. Ila mlangoni pale paliachwa kitu. Ronstadt aliimba beti mbili za kwanza, akauacha ule wa tatu. Pengine ubeti wa kusemwa haukumwelekea mwimbaji ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika kuimba.

Mtaalamu aliyewahi kushughulikia miswada ya tenzi atalitambua jambo hili mara moja. Mnakili mmoja huruka ubeti, na wote wanaonakili kutoka kwake huurithi upungufu bila kujua kwamba ni upungufu. Miswada ya Al-Inkishafi, ambayo hesabu ya beti zake hutofautiana, imewafundisha wahariri kuuliza kwanza: nakala hii ilitokana na nakala ipi? Swali hilo hilo ndilo la kuulizwa juu ya nyimbo zilizorekodiwa. Mwimbaji wa santuri ana mwalimu wake, na aghalabu mwalimu huyo ni santuri nyingine, si karatasi.

Kabla ya kuufuata mkondo huo inapasa kuitaja kwa ufupi rekodi ya mwaka 1982. Parton aliuimba upya wimbo wake kwa ajili ya sinema The Best Little Whorehouse in Texas, aliyoicheza pamoja na Burt Reynolds, na mwezi wa Oktoba mwaka huo rekodi hiyo nayo ikawa ya kwanza katika orodha ya kantri. Haikuwa imewahi kutokea msanii akafika kileleni mwa orodha hiyo mara mbili kwa wimbo ule ule. Katika orodha ya jumla, Hot 100, haikupita nafasi ya 53. Nambari hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha wazi ua ulivyokuwa: ndani yake wimbo ulikuwa malkia, na nje yake mpita njia.

Whitney Houston na David Foster

Mwaka 1992 ilitengenezwa sinema The Bodyguard, ambamo Whitney Houston alicheza kama mwimbaji mashuhuri na Kevin Costner kama mlinzi wake. Wimbo uliokusudiwa hapo awali ulikuwa What Becomes of the Brokenhearted, lakini ukagunduliwa kuwa umekwisha kutumiwa katika sinema nyingine, Fried Green Tomatoes. Costner akapendekeza wimbo wa Parton. Msimamizi wa rekodi, David Foster, alijifunza wimbo kutoka katika santuri ya Ronstadt. Parton alipopata habari kwamba hiyo ndiyo nakala waliyoitegemea alimweleza Foster kwa simu kwamba ubeti mmoja haumo, akampa maneno yake. Mtunzi alikuwa hai, ana simu, na analijua kosa la nakala: wahariri wa tenzi hawajapata bahati kama hiyo. Ubeti ukarudi mahali pake, lakini haukurudi kama ulivyotoka. Ulioanza kwa kusemwa sasa uliimbwa, baada ya saksafoni kupiga peke yake.

Sinema yenyewe, kwa njia ya kuvutia, inazihifadhi sura mbili za wimbo. Watu wawili wakuu wanausikia kwanza kutoka katika sanduku la muziki la baa, wakiucheza, na hapo unaimbwa kwa mtindo wa kantri na John Doe. Ni baadaye tu unaposikika kinywani mwa Houston. Mtazamaji anaonyeshwa asili na mageuzi katika hadithi moja, ijapokuwa wengi waliotoka ukumbini walilikumbuka la pili tu.

Tofauti ya uimbaji ni kubwa mno. Rekodi ya Houston inachukua dakika 4 na nusu hivi. Inaanza bila chombo chochote kwa zaidi ya nusu dakika, jambo alilolishikilia Costner wakati watu wa kampuni ya santuri wakihofu kwamba stesheni za redio hazingekubali kupiga wimbo unaoanza kwa sauti tupu. Vyombo vinaingia pole pole. Kabla ya vibwagizo vya mwisho kila kitu kinanyamaza, ngoma inapigwa pigo moja, na sauti inapanda ufunguo wa juu zaidi. Parton aliimba kama mtu anayejizuia asilie mbele ya mwenziwe. Houston aliimba kama mtu aliyekwisha kufika ng’ambo ya kilio. Wako waliosema kwamba uimbaji wa pili umeumeza wimbo, na rai hiyo si ya kubezwa: katika pigo lile la ngoma yule mtu wa kuagwa, aliyekuwa kitini ofisini mwaka 1973, hayumo tena. Ila yafaa kukumbuka kwamba hayumo katika matini pia, wala hakuwamo tangu mwanzo.

Sauti hukaa wapi?

Kwa wanaisimu jambo la kuvutia zaidi ni mahali ambapo kila mwimbaji aliiweka sauti yake. Jina la wimbo kwa Kiingereza lina silabi sita, na ncha zake mbili ni viwakilishi vya nafsi: wa kwanza mwanzoni, wa pili mwishoni. Vyote viwili ni maneno kamili yanayojitegemea, na vyote vinaishia kwa sauti inayoweza kuvutwa. Houston anakivuta kiwakilishi cha kwanza na kukitembeza katika noti nyingi, kisha anakishikilia kile cha mwisho kwa muda mrefu. Wimbo wote, kwa namna alivyouimba, umetundikwa kati ya misumari hiyo miwili, mimi na wewe. Kitenzi kimepita katikati kwa haraka.

Sasa na ajaribiwe mtu anayetaka kuuimba kwa Kiswahili. Tafsiri inayojitokeza ni ‘nitakupenda daima’. Kwa bahati njema tungo hiyo ina mizani 8 barabara, yaani kipande kimoja cha mshororo wa shairi letu la kawaida, na mtu asiyefikiri zaidi atadhani kazi imekwisha. Lakini nafsi ziko wapi? Zimemezwa na kitenzi. Ni- na -ku- ni viambishi vyepesi visivyobeba mkazo. Mkazo umekaa juu ya -pe-. Mwimbaji akiivuta ni- kama Houston alivyokivuta kiwakilishi chake atakuwa ameivunja kauli, na msikilizaji atasubiri kwa mashaka kujua neno litaishaje. Anaweza kukimbilia ‘mimi’ na ‘wewe’ zilizo kamili, lakini katika Kiswahili viwakilishi hivyo vikiongezwa juu ya viambishi huleta msisitizo wa kupambanua: mimi nitakupenda, hata kama wengine hawatakupenda, wewe, si yule. Wimbo wa kuaga utageuka kuwa wimbo wa kushindana na wivu. Hivyo anayetafsiri hana budi kuuhamisha uzito wa lahani kutoka kwenye nafsi na kuuweka juu ya kitenzi au juu ya kielezi. Hapo ndipo mtindo wa Parton, usiovuta sana, unapokuwa rafiki wa Kiswahili kuliko ule wa Houston.

Kielezi nacho kina matata yake. ‘Daima’ ni la vitabuni kidogo, na ‘milele’ limekwisha kupata harufu ya ibada. ‘Siku zote’ ndilo linalolingana na wepesi wa neno la Kiingereza linalotumika hapa, kwa kuwa ndilo asemalo mtu wa kawaida jikoni au kituo cha basi, lakini linaleta mizani 9 na kuivuruga hesabu. Kisha liko suala la njeo. Kitenzi kisaidizi cha Kiingereza hubeba wakati ujao na papo hapo hubeba nia, kiasi cha kuwa karibu na kiapo. -Ta- ya Kiswahili hutaja wakati zaidi kuliko nia. Mahali pamoja tu Kiswahili kinautii wimbo bila taabu, napo ni katika kutoonyesha jinsia. Kile ambacho Parton alikipata kwa kuchagua maneno kwa uangalifu, Mswahili hupewa bure na sarufi yake.

Nambari na maana yake

Rekodi ya Houston ilitolewa Novemba 1992. Ilikaa nafasi ya kwanza ya Hot 100 kwa wiki 14 mfululizo, hadi mwisho wa Februari 1993, na kuivunja rekodi ya wiki 13 iliyowekwa miezi michache tu kabla na kundi la Boyz II Men. Huko Uingereza iliongoza kwa wiki 10. Mwaka 1994 ilipewa tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka, tuzo ambayo ni ya mwimbaji na wasimamizi wa rekodi, si ya mtunzi.

Ni rahisi kuziweka nambari hizi pembeni ya ile wiki moja ya mwaka 1974 na kutoa hukumu. Hukumu hiyo itakuwa na kasoro. Kwanza, vipimo si vimoja. Orodha ya mwaka 1974 ilitungwa kwa ripoti ambazo maduka na stesheni za redio zilimpelekea mchapishaji, na ripoti za namna hiyo zina mapendeleo ya wanaoziandika. Tangu Novemba 1991 Hot 100 ilianza kutumia hesabu za mashine zilizonakili mauzo dukani na kuyatambua matangazo redioni. Yamkini moja ya matokeo ya mabadiliko hayo ni kwamba nyimbo zilizopendwa kweli zilianza kukaa kileleni muda mrefu kuliko zamani, kwa kuwa mashine haichoki na wimbo jinsi mwenye duka anavyochoka.

Pili, na hili ni zito zaidi, orodha zenyewe zimegawanywa. Billboard lilipoanza kuorodhesha muziki wa Wamarekani weusi na ule wa Wazungu wa mashambani katika miaka ya 1940 lilivitenga kwa majina yaliyotokana na rangi na mahali pa watu; mwaka 1949 majina yakabadilishwa, ya kwanza ikaitwa Rhythm & Blues na ya pili Country & Western, lakini kuta zikabaki. Houston, binti wa Newark aliyelelewa katika nyimbo za kanisa la Wabaptisti, alifika kileleni mwa Hot 100 na mwa orodha ya watu weusi kwa maneno yale yale yaliyokuwa ya kwanza katika orodha ya kantri mara mbili. Katika orodha ya kantri rekodi yake haikuingia. Maneno hayakubadilika, lahani haikubadilika, hata ubeti uliokuwa umepotea ulirudishwa. Kilichobadilika ni sauti, vyombo, na stesheni iliyoamua kuupiga. Wanaozigawa tanzu za fasihi simulizi kwa kuzingatia matini peke yake wana hapa kesi ngumu ya kuieleza, kwa sababu jambo linaloufanya wimbo huu kuwa wa kantri au kutokuwa wa kantri halimo katika neno lake hata moja.

Mwaka 1995 Parton aliuimba kwa mara ya tatu, safari hii pamoja na Vince Gill. Sauti ya pili, ya kiume, iliufanya wimbo uwe mazungumzo ya watu wawili wanaoagana, tafsiri ambayo matini iliiruhusu tangu mwanzo bila mtu kuitumia. Ulifika nafasi ya 15 katika orodha ya kantri, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya chama cha muziki wa kantri kwa uimbaji wa pamoja.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, Parton alieleza kwamba sehemu ya fedha alizopata kutokana na rekodi ya Houston alizitumia kununua jengo la ofisi mjini Nashville, katika mtaa uliokuwa wa watu weusi, akiona kuwa ndipo palipofaa fedha hizo kwenda. Nusu ambayo Parker aliidai ilikuwa sehemu ya fedha hizo.

Kwa miaka mingi watu wameupiga wimbo huu katika harusi, wakiusikia kama kiapo cha kukaa. Wanaousikiliza hivyo hawajakosea Kiingereza chao. Wamefuata kibwagizo na kuziacha beti, kama wasikilizaji wafanyavyo kila mahali. Houston alifariki tarehe 11 Februari 2012. Mazishi yake yalifanyika wiki moja baadaye katika kanisa la utoto wake mjini Newark, na jeneza lilipobebwa kutoka nje ilipigwa rekodi yake ya wimbo huu. Hapo kuaga kulirudi mahali pake, ila aliyeaga alikuwa ni mwimbaji, na walioagwa ni kanisa zima pamoja na waliotazama kwa televisheni. Katika siku hizo rekodi ilirudi katika Hot 100, miaka 20 baada ya kutolewa, ikafika nafasi ya 3. Kwa kila nakala iliyouzwa mtunzi alipata fungu lake. Na kila ilipopigwa katika stesheni za redio za Marekani alilipwa mtunzi pia, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo haizitaki stesheni kumlipa mwimbaji kitu.